Mistari ya Kukatia

Romana alikuwa ameshika kalamu asaini sampuli ya kijitabu cha misa ya kumbukumbu ya mumewe, pale kwa mchapaji wa Maisaka, alipoona mistari miwili myembamba kwenye picha ya jalada.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kukatia, dada. Picha ni pana kuliko karatasi. Kilicho nje ya mistari kinaondoka."

Marehemu alisimama katikati, mama yake kushoto, Romana kulia. Mstari wa kulia ulimwacha Romana nje. Kilichobaki ndani ni kiganja chake chenye pete, kimeshika mkono wa koti la mumewe.

"Nani kakwambia ukate hapa?"

Mchapaji alimtazama mama mkwe, aliyeketi kwenye benchi.

"Mimi," mama mkwe alisema. "Watu wanakuja kumkumbuka mwanangu, si wewe. Saini twende."

Romana alimgeukia mchapaji. "Unaweza kuchapa bila saini yangu?"

"Hapana. Kazi iko kwa jina lako."

"Mistari ikisogea kulia, mimi niingie?"

Mchapaji alishusha sauti. "Mama atakatika."

Mama mkwe alisimama ghafla, pochi ikaanguka.

"Sogeza," alisema Romana. "Nasaini sasa hivi."