Mtamba wa Mzee Eliezeri

“Anapiga teke?” mgeni aliuliza.

Nyuma ya mlango wa jikoni, Gloria alimshika mama yake mkono. “Umesikia? Wameanza!”

“Nimesikia wakiulizana habari za ng’ombe,” alisema mama.

“Mama! Hiyo ni sitiari.”

Gloria alikuwa na shahada ya fasihi na hakuwa na kazi, kwa hiyo shahada yote aliitumia nyumbani. Tangu alfajiri alikuwa amevaa kitenge kipya. Kalinga, waliyesoma naye chuo, alikuwa amempigia simu kutoka Mlandege, Iringa: “Jumamosi namtuma mzee aje kuniposea.” Kwa miaka mitatu Gloria alikuwa ameisubiri sentensi hiyo. Baba yake alikwishaapa kwamba binti yake hatatoka pale mlimani, juu ya Iyunga, Mbeya, bila mshenga kukanyaga uwanja wake.

Kazi ya kumwandaa baba ilikuwa ya mama. Tangu Jumanne, mama Marta alikuwa akitafuta siku ambayo mumewe ana furaha. Siku hiyo ilikuwa bado haijafika.

Aliyefika ni mzee wa makamo mwenye koti, katika pikapu iliyojaa vumbi la safari. Alijitambulisha kuwa ni Isaka, kutoka Iringa. Alishusha gunia la mchele alioununua njiani Rujewa, akakaa kwenye kochi la wageni. Kabla ya swali la teke alikuwa amesafisha koo, akasema:

“Mzee mwenzangu, tumesikia una mtamba mzuri zizini. Tumekuja kwa ajili yake.”

“Unaona?” Gloria alinong’ona. “Mtamba ndiye mimi.”

“Baba yako ametangaza kwa watu wote wa kanisani kwamba anauza mtamba.”

“Ametangaza mwezi mzima, mama. Amekuja nani?”

Sebuleni baba, Mzee Eliezeri, alicheka kwa sauti. Alikuwa bado analitazama lile gunia. “Huyu hapigi teke. Mpole kabisa. Mama yake ndiye alikuwa balaa! Akikasirika, ndoo inafika kwa jirani.”

Mama Marta alikunja uso. “Ananisema mimi?”

“Mubalagha, mama. Anatia chumvi.”

“Ile ndoo niliirusha mara moja tu. Tena haikufika kwa jirani.” Akasogeza kigoda, akabandika sikio mlangoni. Tangu hapo hakubisha tena habari za ng’ombe.

“Kijana wetu alimwona,” Mzee Isaka aliendelea, “na tangu siku hiyo hapati usingizi. Anasema akimkosa huyu, hataki mwingine.”

“Ana jicho, huyo kijana.”

“Na kwa chakula je?”

“Anakula. Sitakuficha. Lakini hachagui.”

Gloria alilirudisha andazi kwenye sahani.

“Na, samahani mzee mwenzangu, kuuliza si ujinga.” Mgeni alishusha sauti. “Hajakutana na dume?”

“Dume hajamgusa! Naapa mbele ya Mungu.”

Mama aligeuka taratibu, akamtazama binti yake. “Na hiyo?”

“Hiyo ni tafsida.”

“Sijakuuliza inaitwaje. Nakuuliza kama ni kweli.”

Gloria akainamia sinia, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikwishapangwa.

Mzee Isaka alitoa bahasha mfukoni, akaikabidhi kwa mikono miwili. “Hii ni ya kubisha hodi tu. Mengine yatafuata.”

Baba aliipapasa unene wake. “Mlango wenyewe ni wa miti,” alisema, “lakini nashukuru. Basi mchukueni.”

“Leo?”

“Leo hii. Kwa nini tusumbuane?”

Gloria alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Baba yake, mtu aliyekuwa akisema kwamba miaka mitatu ya chuo ilimfundisha Gloria tu kuwa watu hawamaanishi wanachosema, alikuwa amekubali bila hata kukunja ndita. Alibeba sinia la chai, akamwomba Mungu asijikwae, akatoka.

Sebule ilikuwa tupu.

Walikuwa uani. Baba alikuwa amemtoa zizini Neema, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na kamba ya Neema ilikuwa imekwishaingizwa mkononi mwa mgeni. Mzee Isaka alikuwa ameishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mtu asiyemjua.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “hii ndiyo kusema mmekubali?”

“Tumekubali! Ndiyo maana nimemfunga kamba.”

“Sawa, mzee mwenzangu. Kila watu na mila zao.”

Yeye na dereva, aliyekuwa akisubiri kwenye gari, walimsukuma Neema hadi akapanda pikapu. Gari likateremka mlima, Neema akitazama nyuma. Sinia lilikuwa bado mikononi mwa Gloria, na chai ilikuwa imepoa.

Baba alimwona. Uso wake ukalainika. “Kumbe nawe ulivaa uje kumuaga? Umependeza, mwanangu.”

Gloria alirudi jikoni, akavua kitenge, akakikunja vizuri kama nguo ya kurudishwa dukani.

“Nilisema ni ng’ombe,” alisema mama, lakini kwa sauti ndogo, akammiminia chai ya moto.

Saa kumi na moja jioni simu iliita. Ni Kalinga. Gloria aliiacha ikaita hadi ikakatika. Ilipoita mara ya pili, mama akabonyeza, akamwekea sikioni.

“Mzee kanipigia sasa hivi, yuko Mafinga!” Kalinga alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. “Mmekubali, Gloria! Mmekubali! Ila kuna kitu kaniuliza, nimeshindwa kumjibu. Eti kwenu Mbeya, mahari anatoa mwanamke?”