Diski Mpya ya Baba Pacha

"Hakuna mfumo wa kuanzisha," kioo cheusi kilisema kwa mara nyingine, na Baba Pacha akakijibu kwamba kina kichwa kigumu kuliko mashemeji zake wote.

Kosa lilikuwa lake, ingawa hilo hakulisema. Kompyuta ya mkewe ilikuwa ikijikongoja, naye akajitosa: akanunua diski mpya, akanakili humo kila kitu cha ile ya zamani, akaifunga ndani na kuichomoa kongwe. Tangu hapo, giza tupu. Na vipimo vya kwaya nzima vimo humo humo, na kiongozi wa kwaya yuko njiani kuja kuona sare zikikatwa.

"Tumwite fundi," alisema Mama Pacha, mkasi mkononi, kitambaa kimetandazwa mezani.

"Fundi gani tena, na mimi nipo?"

Hata hivyo alivaa viatu, akaenda kwa jirani muuza simu, eti kumsalimia tu. Aliporudi mbio, mkewe alikuwa anairudisha bisibisi ya cherehani kwenye kopo lake.

"Ni mpangilio tu, mke wangu. Mashine haijui ianzie wapi, sasa naiambia."

Akaketi. Akabonyeza hiki, akachagua kile, akahifadhi, akafumba macho.

Kioo kikawaka. Vipimo vilikuwepo vyote, kuanzia waimbaji wa sauti ya kwanza mpaka wale wanene wa sauti ya nne. Baba Pacha alimshika mkewe kiuno, wakacheza bila muziki, wakaipiga meza kikumbo, pini zikamwagika sakafuni, nao wakacheka mpaka mbavu zikauma.

"Unaiona kasi hiyo?"

"Naiona. Mpya ni mpya, mume wangu."

"Iko wapi ile kongwe niitupe?"

"Nimeshaiweka mahali pake. Wewe pumzika, kazi umeifanya."

Alipumzika kwa kumpigia shemeji yake simu na kumsimulia yote tangu mwanzo, akiongeza chumvi kila alipovuta pumzi. Mama Pacha alimsikiliza kwa raha. Alimpenda zaidi anapojivuna hivyo, na hakutaka furaha ile iingie doa.

Mumewe alipompa mgongo, alitoa diski mpya kwenye mfuko wa aproni yake na kuifukia kwenye droo ya cherehani, chini kabisa ya vipande vya kitambaa.