Natafuta ya Pili

"Hii ni tasa, haina ubishi," sauti ya mume ilitoka nyuma ya mlango. "Nimeijaribu kwa kila njia. Sasa natafuta ya pili."

Mama mkwe, aliyekuja mjini kutibiwa goti, alisahau kama ana goti. Alifika sebuleni mbio, akashika simu, akampigia kaka yake.

"Kaka, njoo! Mkweo anamwita mwanangu tasa! Na wala hakusema 'huyu'. Kasema 'hii'! Mtoto wangu amekuwa kiti?"

Alasiri mjomba alikuwa amefika na kikao kimeiva. Mke alishafunga sanduku. Kwa mtu aliyetukanwa asubuhi hiyohiyo, alikuwa amepanga vitu vizuri mno: mashuka, pasi, hadi chaja ya akiba. Hakudondosha hata chozi moja. Mama yake akasema huo ndio uchungu wenyewe, ukizidi hukausha macho.

Mume aliitwa kutoka chumbani. Akatokea na chaki sikioni, akitazama watu kama aliyeshushwa kituo asichokijua. Mtaani walimwita Profesa, na si kwa heshima. Alikuwa mtunga programu za kompyuta, lakini alitamani kuhamia kwa wale mabingwa wanaofunga siri zisisomwe na wezi wa mitandaoni. Huko akaambiwa: bila hesabu, utaishia kuwachemshia wenzako chai. Na hesabu ndizo alizozikimbia shuleni.

Basi akaamua kujifundisha mwenyewe, kuanzia sehemu na vigawanyo kwenda juu. Alitundika ubao chumbani, akahamia mbele yake. Alisoma akila, alisoma akioga. Mkewe akimuuliza atakula nini, alijibiwa "baki ni moja". Siku moja mke alichungulia ubaoni, akasema, "Pale umesahau kubadili alama."

"Mke wangu, haya si mambo ya kuchungulia. Funga mlango, wazo linatoka."

Alama kweli ilikuwa imekosewa. Aliigundua mwenyewe baada ya siku kadhaa, akajipongeza kwa sauti.

"Mkwe," mjomba alianza, akikohoa kikohozi cha hakimu, "ulisema tasa, hukusema?"

"Nilisema, mjomba."

"Ukasema unatafuta ya pili?"

"Bado naitafuta. Moja haifai kitu, lazima ziwe mbili. Na ya pili iwe kubwa kuliko hii."

"Yallah!" Mama mkwe alijishika kichwa. "Halafu anajibu kama anaagiza tofali!"

Mjomba alimgeukia mpwa wake, sauti imemlegea. "Mwanangu, mwaka jana ulikuja kwangu kulalamika, nikakurudisha. Nikakwambia mumeo halewi, hapigi, hatoki nje. Utamwacha kwa kosa gani, la kusoma? Nikasema siku ukija na kosa linaloeleweka nitakubebea sanduku mwenyewe. Leo nalibeba."

Hapo ndipo Profesa alipoliona sanduku. Chaki ikamdondoka.

"Jamani, namba!" alipiga kelele. "Namba tasa! Saba, kumi na moja, kumi na tatu! Hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Unachukua mbili kubwa, unazizidisha, jibu ndilo kufuli. Mwizi akitaka kufungua, lazima azijue zile mbili. Mke wangu ameingiaje humo?"

Mjomba alihesabu kwa vidole. "Biskuti saba, watu watatu..."

"Inabaki moja."

"Watu wawili?"

"Inabaki moja, mjomba. Wanne, zinabaki tatu. Haikubali."

Mjomba alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda mabegani, kikaishia machoni. "Na aliyeziita tasa, majina mengine yalikuwa yamekwisha? Dada, umeniachisha kazi zangu kwa ajili ya saba!"

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga, akicheka kwa aibu. "Nisamehe, baba. Masikio ya mtu mzima haya, yanasikia yanachokiogopa."

"Yamekwisha, mama," alisema Profesa, jasho likimtoka. Alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tena vizuri, kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Kumbe ningepoteza mke kwa ajili ya neno."

"Haya, mwanangu," mjomba alisema, akifuta machozi, "fungua sanduku, rudisha pasi mahali pake." Kisha mkono ukamganda shavuni. "Lakini hebu ngoja. Wewe si ndiye unayefundisha hesabu pale sekondari? Namba tasa huzijui?"

"Nazifundisha kila mwaka, mjomba."

"Sasa mama yako alipokurupuka kule mlangoni na maneno yake, kwa nini hukumwambia?"

Mke alikuwa ameinama, akifunga kamba za viatu.

"Mama hakukurupuka, mjomba. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka mlangoni, nikamwambia, 'Njoo usikie mwenyewe.'"