Kitabu cha Kuhakiki Jibu

Tangu sheria ikataze watu kukokotoa wenyewe, vitabu vya historia ya hesabu na njia zake vimekuwa vikikusanywa nyumba kwa nyumba. Leo afisa alikuja kuchukua cha Bi Salome, mwalimu mstaafu, kwa kuwa alikuwa amelibishia jibu la mashine inayokokotolea watu wote.

"Chupa ya dawa imeandikwa tone moja kwa kila kilo nne," Bi Salome alifoka. "Mume wangu ana kilo hamsini na mbili. Mashine inataka nimpe matone thelathini na moja! Nimegawanya, nikahakiki kwa kuzidisha, kama kitabu kinavyofundisha. Ni kumi na tatu. Gawanya mwenyewe!"

Afisa akaiuliza saa yake ya mkononi, iliyounganishwa na mashine hiyo. "Thelathini na moja," ikajibu.

"Sikukwambia uulize! Nimekwambia ugawanye!"

"Unajisumbua bure, mama. Mama yangu mzazi ana kilo hizo hizo na dawa hiyo hiyo. Asubuhi nimempa thelathini na moja, na mpaka natoka alikuwa amelala fofofo."

Bi Salome akambamizia kitabu kifuani. "Kichukue! Kimbia nyumbani ukamwamshe mama yako!"

Afisa akaiuliza saa kama kuna haja.