Fundi Asiyengoja Kuagizwa

Hakuna fundi wa majeneza nisiyemjua. Haya, namjua mmoja tu, ila huyo namjua hadi misumari yake.

Sifa yake ni kwamba hangoji kuagizwa. Ukikohoa tu, yeye anachagua mbao. Watu walikuwa wanameza kikohozi mpaka waipite karakana yake.

Asubuhi moja alikuwa amechuchumaa akipiga msasa jeneza jipya lililolala sakafuni, mara mdogo wake akaingia akijishikilia ukutani. Walimwita Twiga, maana hakuna mlango mtaani ambao haujamgonga paji la uso. Ugonjwa ulikuwa umemla nyama zote, ukamwachia urefu.

"Kaka, jana daktari alikubakiza ndani peke yako. Alisemaje?"

"Alisema utapona. Ule vizuri, upumzike."

"Niapie."

"Wewe nawe. Nimeanza lini kukudanganya?"

Twiga akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaketi kwenye ukingo wa jeneza ili apumue. Kiganja chake kikapapasa ubao laini, kikaenda, kikaenda, mkono ukaisha kabla ya ubao.

"Refu hivi, la nani?"

"La mteja. Mtu wa mbali huko."

Twiga akavua viatu, akavipanga pembeni. Akaingia jenezani, akajinyoosha. Visigino viligusa ubao wa miguuni, utosi ukagusa wa kichwani. Hapakubaki nafasi hata ya kupitisha kidole.

"Kaka," akauliza kutoka mle ndani, "na huyo mteja naye, daktari kasema atapona?"