Mwenye Nyumba Hapatikani

Mama Funguo aliitikisa simu kama chupa ya dawa ya kikohozi, akaiweka tena sikioni, akasubiri. Seremala alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Kimya," alisema Mama Funguo. "Hata ule mlio wa kuita hamna."

"Wamezima, Mama. Si walitangaza? Mtandao wa zamani mwisho wake ulikuwa jana. Simu za tochi kama hiyo sasa ni za kuzuilia mlango."

"Basi Mwenye Nyumba hapatikani," alisema, na uso ukamshuka kwelikweli.

Ua ule ulikuwa na vyumba vinane, bomba moja na Mama Funguo. Yeye ndiye aliyefagia uwanja kila alfajiri baada ya sala, na ndiye aliyejua nani karudi na saa ngapi. Lakini neno la mwisho lilikuwa la Mwenye Nyumba, ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumtia machoni. Alikaa mbali, alikuwa mkali, na alipatikana kwa simu ile tu. Msusi wa chumba cha mwisho alipotaka kupaka mlango wake rangi ya zambarau, Mama Funguo alisogea karibu na bomba, akageukia ukuta. "Haloo, baba... Ndiyo, baba... Zambarau, baba." Akarudi akitikisa kichwa. "Amekataa, binti yangu. Nimembembeleza mpaka ulimi umekauka."

Na Mwenye Nyumba akikataa, nani wa kuuliza sababu? Mtu humjui hata sura, utamnunia vipi?

Simu yenyewe ilikuwa na baraka zake. Haikuwahi kuonekana kwenye chaji. Mwaka juzi ilimponyoka kwenye ngazi, ikatawanyika. Seremala aliokota vipande, akavipachika, akavifunga kwa mpira na kumrudishia bila neno. Jioni ile ile Mama Funguo alikuwa bombani akiongea nayo kama kawaida.

Sasa haja ilikuwa ya seremala. Mama yake mzazi alikuwa akipoteza macho. Jirani aliyekuwa akimchotea maji amehama, na juzi kikongwe alijimwagia chai ya moto mkononi. Seremala alikwisha kumtengenezea kitanda kifupi, pembe zake zote kazisugua hadi zikawa mviringo, asije akajigonga. Kilichobaki ni ruhusa. Tangu mpangaji mmoja alipojaza binamu zake chumbani mpaka wakawa wanalala kwa zamu, Mwenye Nyumba alipiga marufuku kuongeza mtu.

"Ingekuwa sauti ni yangu, mwanangu, mama yako angelala hapa leo," alisema Mama Funguo. "Lakini mimi ni wa funguo tu. Na kama hivi simu imekufa, niseme nimeongea na nani?"

Mambo yakaanza kulundikana. Mlinzi wa usiku alitaka kufuga kuku wawili, akaambiwa asubiri. Msusi, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa, sasa alitaka kijani. Mama Funguo akawa wa kuketi kibarazani na simu mapajani, akiifuta kwa upindo wa mtandio, kainama kama mfiwa.

"Huyu mama atakonda," alisema msusi wakiteka maji. "Na mama yako je, kaka?"

"Jumapili namleta, potelea mbali. Nikikosa ruhusa nitalala naye karakana."

"Wewe! Kikongwe na vumbi la mbao?"

"Sasa nifanyeje?"

Msusi alimtazama, akatazama kibarazani. "Tumchangie simu."

Wakachanga ua mzima, hata mlinzi. Dukani, muuzaji alimpangusia seremala simu mpya ya kioo kipana. "Nisajili na laini kabisa?"

"Wewe tufungie tu boksi," alisema seremala.

Mama Funguo aliigeuzageuza mkononi. "Mbona haina vitufe? Inabonyezwa wapi?"

"Gusa hapo, Mama. Polepole, hiyo si kengele ya mlango."

Kioo kikawaka, na uso wake nao ukawaka. Alisimama, akaweka mtandio sawa, akaenda karibu na bomba, akageukia ukuta. Ghafla kila mpangaji akawa na kazi. Mlinzi alifagia palipokwisha kufagiwa.

"Haloo, baba... Ndiyo, ni mimi, kwa simu mpya... Ni mama yake mzazi, baba, si binamu... Macho, baba... Aa, baba, na wewe si ulizaliwa?"

Akasikiliza, akiitikia kwa kichwa. Seremala aliikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia meza.

Mama Funguo akageuka, machozi yakimlenga. "Amekubali! Mlete mama. Ila nyundo mwisho magharibi, mzee wa watu apumzike. Kuku nao amekubali. Kijani kasema labda."

"Mwambie ahsante, Mama," alisema seremala. "Mwambie Mungu amzidishie."

"Nitamfikishia, mwanangu." Akaingia chumbani kwake kumtafutia ufunguo wa pili.

Msusi akamvuta seremala shati. "Kaka, kwani laini uliweka?"

"Ya nini? Ile ya zamani haikuwa na hata betri."

Msusi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika.

"Sss!" alisema seremala, akijinyoosha haraka. "Acha kucheka. Mwenye Nyumba huyo anakuja."

Na Mama Funguo akatokea mlangoni, funguo zikimlia kiunoni.