Nimemuuliza Binti

"Mzee, hebu kaa," hakimu alisema. "Nimemuuliza binti, sijakuuliza wewe."

Mjomba, aliyemlea binti tangu alipofiwa na wazazi, aliketi shingo upande. Binti mwenye miaka kumi na sita akasimama. Aliinua barua ya shangazi yake.

"Nataka kuhamia kwa shangazi, mheshimiwa. Mjomba ameniachisha shule nimkalie dukani. Shangazi yuko tayari kunisomesha."

"Mtoto hana kauli kwangu!" mjomba alifoka.

"Hapa anayo. Sheria inasema hajawa mtu mzima. Haisemi hana mdomo."

Karani alijiziba kinywa asicheke. Hakimu aliandika, akafuta, akaandika tena, halafu akagonga muhuri hadi meza ikatikisika.

"Utaishi kwa shangazi yako. Jumatatu nataka uwe darasani."

Binti alitaka kushukuru, lakini miguu ilishamtangulia mlangoni. Hapo ndipo alipokumbuka adabu. Akarudi mbio, akapiga goti huku anahema, na neno la kwanza lililomponyoka likawa, "Shikamoo!"

"Marahaba," hakimu akacheka. "Haya, kimbia."